SOMO LA ROBO HII: Kuchagua Cheti cha Usalama kwa Seva ya Kuingia kwa Mbali



Katika mikutano ya kupitia bajeti, baadhi ya wanakamati walituuliza swali ambalo ni la haki kabisa: "Hii fedha ya cheti cha seva ni ya nini? Vyeti si wanapewa wanafunzi?" Wakati huo huo, mfadhili mmoja alituandikia akitaka kujua kama majina ya watu tunaowahudumia yako salama yanaposafiri kwenye intaneti. Maswali haya mawili yana jibu moja. Ndiyo maana tumeamua kwamba somo la robo hii liwe juu ya cheti cha usalama: ni kitu gani, kinachaguliwaje, na kamati iulize nini kabla ya kupitisha matumizi yake.

Somo hili halihitaji utaalamu wa kompyuta. Mtu aliyewahi kuandikiwa barua ya utambulisho na mtendaji wa kijiji, au aliyewahi kufuata cheti cha ubatizo parokiani kabla ya kufunga ndoa, ameshaelewa nusu ya somo.

LENGO LA SOMO

Baada ya kusoma somo hili, mwanakamati aweze:
(a) kueleza kwa maneno yake kazi ya cheti cha usalama;
(b) kutofautisha aina nne za vyeti;
(c) kuuliza maswali sita ya msingi kabla ya kuidhinisha fedha;
(d) kumwelekeza mfanyakazi nini cha kufanya onyo linapotokea kwenye kompyuta.

1. BUKUNDI NA SEVA ILIYOKO BARIADI

Bukundi ni kata ya wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu. Mkoa huu uliundwa mwaka 2012, hasa kwa kuugawa mkoa wa Shinyanga, na makao yake makuu ni Bariadi. Ni nchi ya pamba, mtama na mifugo, nchi yenye jua kali na mvua za kusuasua. Kutoka Bukundi hadi Bariadi ni mbali, na wakati wa mvua safari haina uhakika.

Zamani taarifa za miradi zilikuja ofisini kwa daftari. Baadaye zikaja kwa kifaa kidogo cha kuhifadhia kumbukumbu, ambacho mara nyingi kilibeba na virusi vya kompyuta. Siku hizi karani wa kituo chetu cha Bukundi huchomeka modemu, huunganisha kompyuta yake na intaneti ya simu, kisha huingia moja kwa moja kwenye seva iliyoko ofisini Bariadi. Huona mafaili yale yale anayoyaona mhasibu, na kuandika taarifa kama vile ameketi naye meza moja. Hii ndiyo tunaita kuingia kwa mbali.

Humo ndani ya seva mna nini? Mna orodha ya visima na kamati zake, hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa, na ada za watoto yatima. Mna pia kumbukumbu za wagonjwa wanaotembelewa nyumbani. Na mna jambo zito zaidi. Kanda ya Ziwa imebeba majonzi ambayo sisi sote tunayajua: tangu miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino, wakiwemo watoto wadogo, wamevamiwa, wamekatwa viungo na kuuawa. Kwa miaka mingi pia akina mama wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Anayewahudumia watu hawa ni lazima aandike mahali jina, kijiji na kitongoji cha kila mmoja. Orodha kama hiyo mikononi mwa mtu mwema ni ulinzi. Mikononi mwa mtu mbaya ni ramani.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya usalama wa seva, tunazungumza juu ya uhai wa watu.

2. CHETI CHA USALAMA NI NINI?

Mgeni akiingia kijijini usiku katika nchi ya Wasukuma, sungusungu watamsimamisha na kumuuliza: wewe ni nani, na nani anakufahamu hapa? Hata akijitaja jina kwa ufasaha, hilo pekee halitoshi. Inatakiwa barua ya utambulisho, yenye sahihi na muhuri wa kiongozi anayejulikana.

Kompyuta ya Bukundi nayo hufanya hivyo. Inapopiga hodi Bariadi, seva inayoitika huonyesha cheti chake. Ndani ya cheti kuna mambo manne:

(i) jina la seva, mfano wake ni anuani ya intaneti ya ofisi;
(ii) tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha;
(iii) ufunguo wa wazi, ambao hutumika kuthibitisha seva na kuanzisha mazungumzo ya siri;
(iv) sahihi ya mamlaka iliyotoa cheti.

Kompyuta hukagua yote hayo kwa nukta chache. Je, jina ni lile nililoliita? Je, leo iko kati ya tarehe hizo mbili? Je, mamlaka iliyotia sahihi ni miongoni mwa zile ninazoziamini? Kila kompyuta na kila simu hutoka kiwandani ikiwa na orodha ya mamlaka hizo. Jibu likiwa ndiyo mara tatu, mlango hufunguka kimya. Likiwa hapana hata mara moja, onyo hutokea.

Pamoja na cheti kuna ufunguo wa siri, ambao haumo ndani ya cheti na hautoki kwenye seva. Cheti ni kama barua: kila mtu anaweza kuionyeshwa. Ufunguo wa siri ni kama muhuri wenyewe: hauazimishwi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Cheti kina kazi mbili. Ya kwanza ni kusaidia kufumba maneno yanayosafiri, ili mtu wa njiani asiyasome. Ya pili ni kuthibitisha kwamba unayezungumza naye ndiye. Watu husifu kazi ya kwanza na kuisahau ya pili. Lakini kunong'ona siri kwa sauti ya chini kunafaa nini, ikiwa unamnong'oneza mwizi? Mtu mwenye hila anaweza kukaa katikati, kwa mfano kwenye intaneti ya bure ya nyumba ya wageni, akajifanya ndiye seva ya Bariadi. Mazungumzo yatafumbwa vizuri kabisa, na neno la siri la karani litafika salama mikononi mwake.

3. KOSA LETU WENYEWE

Tunaona ni vema tukiri kosa letu, kwa kuwa limetufundisha zaidi ya kitabu.

Seva yetu ilipofungwa, haikununuliwa cheti. Ilitumia cheti ilichojitengenezea yenyewe. Huo ni utambulisho wa mtu aliyejiandikia barua na kujigongea muhuri. Kwa sababu hakuna mamlaka iliyotia sahihi, kila karani alipoingia alipata onyo. Nasi, kwa kutaka kazi iende, tukawafundisha makarani wote: "Wekeni alama kwenye 'usiulize tena', halafu bonyezeni 'endelea'." Miezi ikapita kwa utulivu.

Siku moja, mwishoni mwa robo, karani wa Bukundi alikuwa Mwanhuzi, akitumia intaneti ya nyumba ya wageni kutuma taarifa. Onyo likarudi. Akampigia simu mhasibu.

"Shikamoo mama. Lile onyo la zamani limetokea tena leo. Nibonyeze kama mlivyotufundisha?"

"Marahaba mwanangu. Linasemaje?"

"Linasema cheti hakiaminiki. Na mimi siko kituoni, natumia mtandao wa hapa gesti."

"Basi usibonyeze. Ngoja tuulize."

Tukauliza, na hakuna aliyekuwa na jibu. Ingewezekana ni mwizi wa njiani. Ingewezekana pia ni seva yenyewe imebadilisha cheti. Njia ya kujua ilikuwepo: kila cheti kina alama yake, mfano wa alama ya kidole gumba, ambayo mtu wa Bariadi angeweza kuisoma kwa simu na wa Mwanhuzi akailinganisha. Lakini hatukuwa tumeiandika popote, wala hatukujua ilipo. Tukaamua kufunga mlango wa kuingia kwa mbali mpaka fundi afike. Ilichukua siku mbili. Taarifa ya robo ikachelewa, malipo yakachelewa, na kijiji kimoja kikaendelea kusubiri vipuri vya pampu ya kisima.

Fundi alikuta hakukuwa na mwizi. Seva za Windows hujitengenezea cheti cha miezi sita kwa kazi hii, na kikiisha hujitengenezea kingine bila kumwambia mtu. Tulishukuru Mungu. Lakini fundi alituonyesha jambo jingine lililotunyamazisha: asubuhi ile ile makarani wengine watatu walipata onyo hilo hilo, wakabonyeza "endelea", wakaingia. Hawakukosea. Walitii tulivyowafundisha. Kama siku ile angekuwepo mwizi kweli, angepata maneno ya siri matatu kati ya manne.

Kumbe tulikuwa tumewazoesha watu wetu kutosikiliza kengele.

4. AINA NNE ZA VYETI

Aina ya kwanza: Cheti cha kujitengenezea. Hakina gharama na hufumba maneno sawasawa na vingine. Lakini hakithibitishi mtu, isipokuwa pale ambapo alama yake imelinganishwa kwa mkono kwenye kila kompyuta. Chafaa kwa majaribio ndani ya chumba kimoja. Kwa watu walioko mbali hakifai.

Aina ya pili: Cheti cha mamlaka yetu ya ndani. Taasisi inaweza kuunda mamlaka yake na kuitambulisha kwenye kila kompyuta ya wafanyakazi. Njia hii ni nzuri pale ambapo vifaa vyote ni mali ya ofisi na yupo mtaalamu wa kuvisimamia. Udhaifu wake ni kwamba simu binafsi ya karani haitaijua mamlaka hiyo. Tena ufunguo mkuu ukiibiwa, mwizi anaweza kutengeneza cheti cha jina lolote, na kompyuta zetu zote zitamwamini.

Aina ya tatu: Cheti cha bure kutoka mamlaka inayotambulika duniani. Ijulikanayo zaidi ni Let's Encrypt, inayoendeshwa na shirika lisilo la faida la Marekani liitwalo Internet Security Research Group. Ilifungua huduma kwa watu wote Desemba 2015. Vyeti vyake vya kawaida vilianza na muda wa siku 90, na huhuishwa na programu yenyewe bila mkono wa mtu. Vifaa vya kisasa huvitambua bila onyo.

Aina ya nne: Cheti cha kulipia. Hiki kina ngazi tatu. Ngazi ya chini, mamlaka huthibitisha tu kwamba anuani ya intaneti ni yako. Ngazi ya kati, huthibitisha pia kwamba taasisi yako ipo. Ngazi ya juu, ukaguzi huwa wa kina zaidi na bei hupanda.

Wanakamati wazingatie sana hapa, maana ndipo fedha hupotea. Bei kubwa hainunui ufumbaji ulio imara zaidi. Kufuli ni lile lile. Kinachoongezeka ni ukaguzi wa jina la taasisi. Zamani vivinjari vilionyesha jina hilo kwa rangi ya kijani karibu na anuani, lakini mwaka 2019 Chrome na Firefox waliliondoa mahali pale. Na karani anayeingia kwenye seva haoni jina hilo kabisa. Kwa kazi yetu, ngazi ya chini inatosha.

Muuzaji anaweza pia kukushauri uchukue cheti kimoja cha majina yote ya ofisi, maarufu kama cheti cha nyota. Kina urahisi wake. Lakini ufunguo wake ukinakiliwa kwenye seva tatu, ukiibiwa kwenye moja umeibiwa kwenye zote. Kwa seva ya kuingia kwa mbali tunashauri cheti chake peke yake.

5. MASWALI SITA YA KUULIZA KABLA YA KUCHAGUA

Swali la 1: Jina la seva ni lipi, na ni mali ya nani?
Cheti hufungamana na jina. Seva nyingi za ofisi hupewa majina ya ndani ambayo nje ya ofisi hayana maana. Mamlaka zinazotambulika ziliacha kuyatolea vyeti majina ya namna hiyo tangu Novemba 2015. Hivyo ni lazima kuwa na jina halisi la intaneti. Hapa Tanzania majina yanayoishia na .tz yako chini ya usimamizi wa TCRA, na taasisi zisizo za kibiashara hutumia .or.tz. Hakikisheni jina limesajiliwa kwa taasisi, si kwa fundi. Fundi akihama na jina likawa lake, amehama na mlango wenu.

Swali la 2: Je, vifaa vya vituoni vitakitambua?
Tarehe 30 Septemba 2021 cheti-mama kimoja cha zamani, ambacho vyeti vingi vya Let's Encrypt vilikiegemea, kilikwisha muda. Kompyuta na simu za zamani zisizosasishwa zikaanza kukataa tovuti ambazo zilikuwa salama. Kabla ya kuchagua, jaribuni cheti kwenye kompyuta kuukuu kuliko zote mlizonazo. Angalieni pia saa. Kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa husahau tarehe kila umeme unapokatika. Ikiamini leo ni miaka mingi iliyopita, itakataa cheti chochote kwa kudhani muda wake haujaanza. Kituo kinaweza kudhani seva imeharibika, kumbe kinachotakiwa ni betri ndogo kama kifungo cha shati.

Swali la 3: Nani atakihuisha, na asipokuwepo je?
Wanaoandikisha ndoa wanajua kwamba parokia hudai nakala ya cheti cha ubatizo iliyotolewa karibuni, kwa kawaida isiyozidi miezi sita. Ubatizo hauishi, lakini mambo mengine huweza kubadilika, na nakala mpya huthibitisha hali ya sasa. Ndivyo ilivyo kwa seva. Tangu Septemba 2020 cheti cha mamlaka inayotambulika hakiruhusiwi kuzidi siku 398. Kwa uamuzi uliopitishwa Aprili 2025, ukomo huo unashushwa kwa hatua: siku 200 kwa vyeti vinavyotolewa kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia tarehe 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia tarehe 15 Machi 2029. Maana yake ni kwamba desturi ya kununua cheti mara moja kwa mwaka na kukisahau inafikia mwisho. Anayechagua leo achague kile kinachoweza kuhuishwa na programu.

Wakubwa pia husahau. Tarehe 6 Desemba 2018 mamilioni ya wateja wa simu wa kampuni ya O2 nchini Uingereza walikosa intaneti kwa sababu cheti kilichokuwa ndani ya programu za Ericsson kilikwisha muda. Kama kampuni za namna hiyo zilisahau, ofisi yenye fundi mmoja isijidanganye. Aidha, Let's Encrypt iliacha kutuma barua pepe za kukumbusha Juni 2025, hivyo kila taasisi ijiwekee ukumbusho wake.

Swali la 4: Ufunguo wa siri unakaa wapi?
Ufunguo utengenezwe ndani ya seva yenyewe. Usitumwe kwa barua pepe wala kwa WhatsApp, wala usibaki kwenye kompyuta ya fundi. Seva ikiibiwa, au fundi akiondoka kwa ugomvi, cheti kifutwe na kingine kitolewe siku hiyo hiyo.

Swali la 5: Mamlaka inayotoa inaaminika?
Mwaka 2011 mamlaka ya Uholanzi iitwayo DigiNotar ilivamiwa, na wavamizi wakajitolea vyeti vya uongo kwa mamia, kikiwemo cha jina la Google. Cheti hicho kilitumika kuwapeleleza watu nchini Iran. Vivinjari vikaiondoa DigiNotar kwenye orodha zao, na Septemba mwaka huo huo ikafilisika. Serikali ya Uholanzi yenyewe, iliyokuwa ikitumia vyeti vyake, ililazimika kuvibadilisha kwa haraka. Muhuri una thamani ya uaminifu wa anayeushika. Epukeni muuzaji asiyeweza kusema cheti anachouza kimetolewa na nani.

Swali la 6: Gharama kamili ni ipi?
Msihesabu bei ya cheti peke yake. Hesabuni ada ya mwaka ya jina la intaneti, siku za fundi, na mafunzo ya wafanyakazi. Cheti cha bure kilichofungwa na fundi asiyejua kukihuisha kinaweza kuwa ghali kuliko cha kulipia.

6. MAMBO AMBAYO CHETI HAKIFANYI

Cheti huthibitisha mlango. Hakimzuii mtu aliyeiba ufunguo wa nyumba. Hakitibu neno la siri jepesi, wala hakizibi ufa katika programu. Mei 2019 Microsoft ilitangaza ufa mkubwa katika huduma ya kuingia kwa mbali ya matoleo ya zamani ya Windows, na ikatoa kiraka hata kwa Windows XP ambayo ilishaacha kuihudumia. Seva isiyowekewa kiraka haikuokolewa na cheti chochote. Kwa hiyo tunashauri:

(a) seva isiachwe wazi moja kwa moja kwenye intaneti, bali ikae nyuma ya lango au mtandao binafsi, yaani VPN;
(b) kila anayeingia athibitishwe mara mbili, kwa neno la siri na kwa namba ya muda kutoka kwenye simu;
(c) kila mtu awe na jina lake la kuingilia, na aondolewe siku anapoacha kazi;
(d) karani aone tu mafaili ya kituo chake.

Jambo hili sasa ni la kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na imeunda Tume ya kusimamia jambo hilo. Huduma ya Kanisa haina msamaha kwa kuwa ni huduma.

7. TULICHOAMUA

Katika bajeti ya awali tulikuwa tumeomba fedha za cheti cha ngazi ya juu. Tumeiondoa. Tumechagua cheti cha bure kutoka mamlaka inayotambulika, kwa jina la intaneti lililosajiliwa kwa taasisi, kikihuishwa na programu. Kimefungwa kwenye lango lililoko mbele ya seva. Watu wawili, fundi na mhasibu, hukagua tarehe ya kwisha kila mwezi na kutia sahihi kwenye daftari. Fedha iliyobaki tumeomba ielekezwe kwenye betri za kompyuta za vituoni na mafunzo ya siku moja kwa makarani wote.

Na tumefuta agizo letu la zamani. Sasa kwenye kila kompyuta ya kituo kuna karatasi iliyobandikwa yenye sentensi moja: ONYO LIKITOKEA, SIMAMA, PIGA SIMU BARIADI. Hakuna karani atakayelaumiwa kwa taarifa iliyochelewa kwa sababu alisimama. Huu ndio ufupisho wa somo zima: cheti kizuri ni kile kinachofanya onyo liwe jambo geni, ili likitokea watu walisikilize.

8. TAFAKARI

Katika sura ya 27 ya kitabu cha Mwanzo, mzee Isaka amepofuka macho, na mwanawe Yakobo anakuja kwake akijifanya Esau. Isaka hakuwa mzembe. Alimuuliza jina, akampapasa mikono. Hata sauti aliitambua kwamba si ya Esau, akalisema hilo wazi. Onyo alilipata. Lakini mikono ilikuwa na ngozi ya mbuzi, chakula kilikuwa tayari, naye akaendelea. Baraka ikatoka na haikuweza kurudi.

Nasi tuliopewa majina ya wanyonge kuyatunza, tujiulize ni mara ngapi tumesikia sauti isiyo yenyewe tukaendelea kwa kuwa kazi ilikuwa inangoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Parokia yetu inahifadhi taarifa gani za watu ambazo zikivuja zinaweza kuwadhuru?
2. Jina la intaneti tunalotumia, kama lipo, limesajiliwa kwa nani?
3. Nani katika kamati anajua tarehe ya kwisha kwa cheti chetu? Asipokuwepo, nani mwingine?
4. Kuna mazoea gani mengine ambayo tumewafundisha watu "wabonyeze waendelee"?
5. Mfanyakazi akisimamisha kazi kwa ajili ya usalama, tunampongeza au tunamgombeza?

Tunawashukuru wanakamati waliouliza swali bila kuona haya, na mfadhili aliyetuandikia barua. Pekee tunamshukuru karani wetu wa Bukundi, aliyepiga simu siku ile badala ya kubonyeza. Kamati zitakazojadili maswali haya zitutumie majibu yao kabla ya toleo lijalo.